Historia ya Mtaa: Deni Lisilolipwa Kilwa na Lindi

Mwanafunzi akiulizwa habari za Kilwa hujibu bila kusita. Atamtaja Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331; atamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman na jumba lake la Husuni Kubwa; atautaja Msikiti Mkuu, dhahabu ya Sofala, na merikebu za Francisco de Almeida zilizoushambulia mji mwaka 1505. Hapo hunyamaza, kana kwamba kisiwa kilizama baharini siku Wareno walipotweka matanga. Akiulizwa habari za Kilwa Kivinje atababaika. Akiulizwa Lindi atakumbuka mifupa ya mijusi mikubwa. Akiulizwa Sudi, Mchinga, Kiswere au Chitangali atatazama chini. Mwanafunzi huyu hana hatia, maana amejibu alivyofundishwa. Hatia ni ya elimu inayokubali kuwa mahali pana historia kwa sharti moja kati ya mawili tu: ama pawe palikaliwa na mfalme, ama pawe palipitiwa na mgeni mwenye kalamu.

Elimu ya namna hiyo ina kasoro kubwa, na ubaya wa kasoro hiyo ni kwamba imevaa joho la heshima. Husemwa kuwa ni uangalifu wa kitaalamu; kwamba mwanachuoni hawezi kuandika pasipo hati; kwamba habari za mtaa mmoja, msikiti mmoja au shamba moja ni porojo za wazee, zafaa barazani na hazifai chuoni. Dai hili lastahili kupimwa, na kipimo chake kiwe ni desturi ya watu wale wale ambao hutajwa daima kuwa walimu wa uangalifu huo.

Uingereza ni nchi ya wafalme wengi na vitabu vingi juu yao. Walakini nyuma ya vitabu hivyo pana rundo jingine ambalo wanafunzi wa pwani hawalioni sana: historia za parokia, makanisa na majumba ya mabwana wa mashamba. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iweke daftari ya ubatizo, ndoa na mazishi. Mwaka 1656 William Dugdale alitoa kitabu kizima juu ya mambo ya kale ya jimbo moja, Warwickshire. Mwaka 1899 ulianzishwa mpango wa kuandika historia ya majimbo yote ya Uingereza, kijiji kwa kijiji, na kazi hiyo haijamalizika hata leo. Mwaka 1948 chuo cha Leicester kilifungua idara ya historia ya mitaa peke yake, na mwanachuoni wake, W. G. Hoskins, alionyesha mwaka 1955 kwamba ua wa miti, njia ya shambani na mfereji vyaweza kusomwa kama waraka. Hakuna aliyesema kuwa wanavijiji hao ni wadogo mno kwa elimu.

Historia hizo nazo zina ila yake, na ila hiyo ni funzo kubwa kuliko sifa zake. Kwa miaka mingi sana historia ya kijiji cha Kiingereza ilikuwa historia ya mwenye jumba: ardhi ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani, binti wa fulani aliolewa na nani, ni nani mwenye haki ya kumteua kasisi. Mlimaji aliyeilima ardhi ile hakuwamo, ila labda katika daftari ya mazishi. Jumba liliandikwa, na jiko likaachwa. Ila hiyo hiyo ndiyo iliyopokewa pwani bila ya kuulizwa, na kwa hiyo orodha ya masultani wa Kilwa ikafanywa kuwa ndiyo Kilwa. Wasomi walikataa kuiga lililo jema, yaani kukiheshimu kijiji, wakaiga lililo baya, yaani kumheshimu mwenye jumba peke yake.

Pwani haikuwa na parokia, lakini ilikuwa na mtaa, na mtaa ulikuwa na msikiti. Msikitini ndipo watu waliposwali, waliposuluhishwa, walipofundishwa watoto wao na walipoombewa maiti zao. Kisiwani Kilwa peke yake, mbali na Msikiti Mkuu, mna msikiti mdogo wa kuba, mna Jangwani, mna Malindi na makaburi yake. Songo Mnara, mji wa karne ya kumi na nne na kumi na tano, una misikiti kadhaa na nyumba za mawe zaidi ya arobaini. Misikiti haijengwi mingi kwa ajili ya pambo. Wingi wake wasema habari ya mitaa, ya koo, ya watu waliotaka kuswali karibu na milango yao, na pengine ya watu waliogombana wakaachana safu. Habari hizo ndizo ambazo hazijaandikwa.

Utazamwe Msikiti Mkuu wenyewe. Vitabu husema kuwa sehemu yake ya kwanza ilijengwa katika karne ya kumi na moja au ya kumi na mbili, kuwa sehemu kubwa ya kusini iliongezwa zamani za al-Hasan bin Sulaiman, kuwa paa lilianguka, na kuwa liliezekwa upya katika karne ya kumi na tano zamani za Sulaiman bin Muhammad. Yote ni kweli, na katika yote hayo mtendaji ni sultani. Lakini matumbawe hayakatwi baharini na sultani. Yapo matumbawe laini yanayochongwa yangali mabichi, kabla hayajawa magumu, na kazi hiyo yataka mpiga mbizi, nahodha na fundi. Chokaa yataka tanuri, tanuri lataka kuni, na kuni zataka watu wa kuzikata msituni na kuzichukua. Boriti zilikatwa wapi na zililetwa na nani? Wakati paa lilipokuwa chini, mji wote uliswali wapi? Maswali haya si ya kitoto. Mtu akiyajibu atakuwa ameeleza jinsi mji ulivyoendeshwa, jambo ambalo nasaba ya masultani, hata ikinyooshwa namna gani, haliwezi kulieleza.

Hapa yafaa kusimama mahali ambapo nyaraka mbili zagongana. Kitab al-Sulwa, tarikh ya Kilwa kwa Kiarabu, nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877, ikaenda London, ikachapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Habari zile zile kwa njia nyingine ziliingia katika kitabu cha João de Barros mwaka 1552. Katika tarikh hiyo mwenye kisiwa ni kafiri aliyekubali kukiuza kwa nguo za kukizunguka chote. Lakini Carl Velten alichapisha Berlin mwaka 1907 habari za Kilwa Kisiwani kwa Kiswahili, kama walivyozitoa watu wa pwani wenyewe, na humo mwuzaji ana jina, Mrimba. Ana kabila, Mmachinga. Ana binti aliyeolewa na mgeni. Na hata waliomtangulia, watu wa Mtakata na wa Mranga, wametajwa. Tazama tofauti. Mwandishi wa jumba anamhitaji mwenyeji kwa muda wa biashara moja tu, kisha amtoe kisiwani. Msimuliaji wa mtaani hakubali kumtoa, kwa kuwa ni babu yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, hunena Waswahili; katika tarikh hii mgeni amekuja na mwenyeji amepotea.

Ni nani aliyekuwa karibu zaidi na haki? Neville Chittick alichimba Kilwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1965, na vitabu vyake viwili vya mwaka 1974 vyaonyesha kuwa kabla ya jiwe lolote kuwekwa palikuwa na watu wa nyumba za udongo na makuti, wavuvi na wafua chuma, tangu karne ya tisa. Uchunguzi wa mifupa ya kale ya pwani uliotolewa mwaka 2023, uliogusa makaburi ya Kilwa, Songo Mnara na Lindi pia, ulionyesha damu ya Uajemi kwa upande wa mababa na damu ya Afrika, aghalabu kwa upande wa mama, ikiwa kubwa hata kuzidi nusu. Kwa maneno mengine, binti Mrimba hakuwa pambo la hadithi. Wasimuliaji waliodharauliwa kuwa hawana hati walikuwa wameliweka jambo hili katika vinywa vyao muda wote, na maabara zikaja nyuma yao.

Aibu iliyobaki ni ya lugha. Maneno yale yalitoka pwani kwa Kiswahili, yakachapishwa Ujerumani, na mwaka 1962 Freeman-Grenville akayatia katika Kiingereza kwa manufaa ya wasomaji wake. Leo si ajabu kumwona mwanafunzi wa pwani akiyanukuu maneno ya wazee wa Kilwa kutoka katika Kiingereza hicho, kisha akiyarudisha katika Kiswahili chake mwenyewe, kama mtu anunuaye sokoni nazi zilizoibwa shambani kwake.

Kilwa Kivinje ni mtihani mgumu zaidi, na yawezekana ndiyo sababu huepukwa. Hapo hamna Ibn Battuta wa kusifu unyenyekevu wa sultani. Pana mji wa karne ya kumi na tisa uliotajirika kwa pembe na kwa watu. Tayari mwaka 1776 Mfaransa Morice alikuwa amefanya mkataba na Sultani wa Kilwa Kisiwani wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20. Biashara ilipohamia Kivinje, misafara ilishuka kutoka Nyasa na nchi ya Wayao, na hesabu za forodha zilizopelekwa kwa Waingereza zaonyesha watu wapatao 97,000 waliotolewa Kilwa kwa miaka mitano tu, kuanzia 1862 hadi 1867. Hesabu ipo. Jina hata moja ndani ya hesabu hiyo ni taabu kulipata. Katika Uingereza mtu aliyekufa maskini zama za Elizabeth wa Kwanza aweza kutafutwa jina katika daftari ya parokia; Kivinje, watu 97,000 wamepita bandarini mbele ya makarani, nao ni idadi.

Husemwa kuwa habari hizi zachoma, na kwamba si adabu kumwuliza mzee kama babu yake aliuzwa au aliuza. Ni kweli kwamba zachoma. Lakini ukimya haukulinda heshima ya wote sawasawa. Ulilinda heshima ya wenye nyumba za mawe, na waliobaki ukawaacha bila ya historia, au na historia ya kuona haya. Mfano wake ni Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa Kivinje mwaka 1895 kwa kuwapinga Wajerumani. Watu walikuwa na mti wao wa kumkumbuka kwa kifo hicho, Mwembe Kinyonga. Wajerumani nao walikuwa na nguzo yao ya mawe mjini humo, ya kuwakumbuka watu wao wawili waliouawa mwaka 1888. Upande mmoja jiwe, upande wa pili mti na jina tu. Lakini Makunganya alikuwa mfanyabiashara wa watumwa pia. Historia ya taifa, ikimhitaji shujaa, hulisahau la pili. Historia ya ukoloni, ikimhitaji mhalifu, ililisahau la kwanza. Historia ya mtaa peke yake ndiyo iwezayo kuyashika yote mawili, kwa sababu katika mtaa mmoja waliishi aliyepigana bega kwa bega naye na aliyefungwa minyororo naye.

Sheria yenyewe imekuwa mshirika wa usahaulifu huu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililo changa kuliko hilo halina budi kungoja tangazo la Waziri. Kwa mpaka huo Husuni Kubwa imo ndani, boma la Wajerumani la Kivinje na nyumba nyingi zenye milango ya nakshi zilizokuja baadaye zimo nje mpaka zitangazwe. Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, vikatolewa katika hatari hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa. Kazi hiyo yastahili shukrani. Kivinje, iliyo umbali mfupi kwa gari, haikuwa na orodha ya hatari hata ya kuingizwa.

Ukienda kusini zaidi na kuipa bahari kisogo, waikuta nchi ya makanisa, na humo kosa lile lile limevaa kanzu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mtu yule yule aliyekusanya hadithi za Kiswahili za Unguja, alitoka Lindi kwa miguu na watu zaidi ya 50 waliookolewa utumwani, akawakalisha Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara waliivamia Masasi na kuwateka baadhi ya watu wake. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji viliichoma misheni. Wabenediktini nao waliziona Lukuledi na Nyangao zikiteketea mwaka ule ule, na mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Baadaye Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alisifiwa kwa kuufanya jando kuwa wa Kikristo. Hizi ndizo habari zijulikanazo, na zote zina askofu ndani yake kama vile habari za Kilwa zilivyo na sultani.

Lakini Steere alikaa Masasi kwa muda mfupi, akarudi Unguja. Waliobaki ni wale zaidi ya 50. Hao ndio waliokata miti, waliojenga, waliooana na wenyeji, waliogombania mashamba nao, na waliowafundisha kusali. Walitoka utumwani bila ya ukoo, wakaufanya ukoo papo hapo. Ni wapi katika maktaba za vyuo panapopatikana kitabu kwa Kiswahili kinachoeleza jambo hilo la ajabu, mji uliozaliwa na watu wasio na ndugu? Na Cecil Majaliwa, mtumwa aliyekombolewa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, aliyeiongoza Chitangali peke yake kwa miaka mingi: angekuwa kasisi wa kijiji cha Uingereza, angekuwa na kibao ukutani na sura katika historia ya jimbo. Barua na ripoti za misheni yake zimo Oxford. Wajukuu wa aliowabatiza wamo Chitangali. Elimu iliyo sawa ingewakutanisha.

La Tendaguru latajwa kwa ufupi tu, maana linajieleza. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba huko, na wachukuzi wakaishusha mifupa ya mijusi ya kale mpaka bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega. Mjusi mmoja amesimama Berlin hata sasa na watoto wa shule hulijua jina lake la Kilatini. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi stadi wa uchimbaji, amepata kutajwa na wachache. Mamia ya wachukuzi hawakupata hata hilo.

Yabaki pingamizi moja lenye uzito, nalo si la hati. Husemwa kwamba historia ya mtaa huzaa majivuno ya mtaa. Kwamba taifa lililochagua umoja halina haja ya vitabu juu ya Wamachinga, Wamwera, Wamatumbi na Washirazi, kila mmoja akidai kuwa ndiye aliyefika kwanza. Hofu hii ni ya kweli na walioisema walikuwa na nia njema. Walakini imekosea mahali pa hatari. Majivuno ya kabila hukua vizuri zaidi gizani, pale ambapo kila mtu ana hadithi moja ya babu yake na hana hadithi ya jirani. Mtaa ukiandikwa sawasawa huonyesha kuchanganyika: Mmachinga na mkwewe wa Shirazi, Myao aliyekombolewa na Mmakua aliyempokea Masasi, Mhindi aliyekopesha na Mwera aliyekopa. Aliyesoma historia kamili ya Kivinje hatapata pumzi ya kujigamba.

Na hili la kukosa hati lisingalisemwa na mtu aliyeyasoma maandishi ya kusini. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliyaweka Maji Maji katika utenzi, akitaja watu na mahali, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikautoa kitabu mwaka 1957. Kama huo si waraka, neno waraka halina maana. Tena Songo Mnara wachimbaji wamekuta makaburi yaliyowekewa vijiwe vyeupe na sarafu, kumbukumbu za watu ambao hakuna tarikh iliyowataja. Sarafu za Kilwa tano ziliokotwa Australia ya kaskazini mwaka 1944, na zimeandikiwa kurasa nyingi kuliko mtaa wowote wa Kilwa yenyewe. Jambo la kuchekesha, kama halingekuwa la kusikitisha.

Kazi hii imewahi kufanywa mara moja kwa moyo, na waliofanya walikuwa wanafunzi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma vijana wake vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, chini ya walimu kama Gilbert Gwassa na John Iliffe. Waliwakuta bado wako hai watu walioyaona maji yakigawanywa, walioisikia habari ya Kinjeketile wa Ngarambe kunyongwa Mohoro, waliokumbuka jinsi vita vilivyoanza Nandete mwezi Julai 1905. Miaka michache zaidi, na wote wangalikuwa kaburini. Matokeo ya kazi ile ndiyo msingi wa kila kilichoandikwa baadaye juu ya vita hivyo. Lakini kurasa zile ziliandikwa kwa Kiingereza, na mzee wa Nandete aliyetoa habari kwa Kimatumbi au kwa Kiswahili hakupewa nafasi ya kuzisoma na kusema: hapa umeandika sawa, hapa umekosea.

Waliokuwa watoto Lindi na Kilwa wakati wa vita vya pili vya dunia, waliowasikia bibi zao wakiisimulia Kivinje ya misafara, sasa wana miaka themanini na zaidi. Wanafunzi wa kusini hurudi makwao kila likizo ndefu. Kitu kinachotakiwa kwa mtaa mmoja ni daftari, kinasa sauti, ruhusa ya wazee, na mwalimu chuoni atakayekubali kazi hiyo iandikwe kwa Kiswahili na kupewa alama. Hilo la mwisho ndilo ambalo halijapatikana.